Damu ya Kuazima

6 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ile mashine ya kukata karatasi haijakudai kidole kingine. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, anasema nyumba imepoa tangu uondoke, hana tena wa kubishana naye jikoni. Watoto wanasoma, au angalau wanatoka nyumbani na mabegi.

Mwanao Twiga hajambo kabisa. Pale karakana ya majokofu wameanza kumwachia kazi peke yake, na mwenyewe sasa anatembea kifua mbele kama ndiye aliyegundua barafu. Anakula, dada. Wewe ulinikabidhi kijana mmoja, mimi nalisha watatu. Nyama ya kuchoma kila jioni, na ile soda kubwa anaiita maji.

Nakuandikia nikiwa juu ya kreni. Leo upepo ni mkali, wametukataza kunyanyua mzigo, lakini hawajaniruhusu kushuka, basi nimekaa kibandani na karatasi mapajani. Simu tunaziacha chini getini. Hata hivyo mimi na wewe simu hazituwezi. Tukipigiana tunaulizana bei ya vitu tu.

Kidole gumba cha mguu kimenirudia. Safari hii hata shuka likigusa, naona nyota. Mwaka jana daktari wa kliniki ya kampuni alisema asidi ya yuriki imepanda kwenye damu yangu, inaganda kama chembe za glasi kwenye kiungo. Yeye anaiita gauti, bibi yetu angesema jongo. Lakini hakuishia kidoleni. Aliniuliza kama kifua kinabana nikipanda ngazi, akanipima presha mara mbili, akasema watu wenye yuriki ya juu wengi wao moyo nao unakuja kuwasumbua, na dereva wa kreni hawezi kuzimia huku amening'iniza nondo juu ya vichwa vya watu. Akasema mwaka huu nikirudi na damu ileile atanishusha.

Mwezi ujao tunapimwa tena. Dada, wewe unanijua. Mimi chini si mtu. Wakinishusha watanipa kazi ya kufungua geti, niwapigie saluti vijana niliowafundisha mimi.

Nimeacha bia. Nyama naionja tu. Niombee.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na doa la mafuta, nikajua imetoka kwako kweli. Mimi mzima. Mgongo unalalamika kidogo. Tumepata kazi ya kujalidi vitabu vya shule, tangu asubuhi ni gundi na uzi, gundi na uzi, nikirudi nyumbani mpaka chai inanukia gundi. Bosi wetu amenunua mashine mpya, inashona yenyewe, lakini ikikwama ananiita mimi.

Mwambie wifi asijali, nikija nitamletea maneno ya mwaka mzima.

Sasa tuseme la maana. Hizo habari za yuriki na moyo zimenikosesha raha. Wewe mwenyewe unajua baba yake Twiga alivyoondoka. Asubuhi alikunywa uji hapa mezani, ananitania kwamba nimeunguza sufuria, saa nne wananipigia simu kutoka ghalani kwamba ameanguka. Wewe ndiye uliyeshika jeneza mbele, upande wa kulia. Kwa hiyo usinifanyie utani na kifua chako. Siku ya kupimwa nenda, nyoosha mkono, toa damu, sema kweli. Wakikushusha, shuka. Geti nalo ni kazi.

Na huyo Twiga mpunguzie nyama. Mwambie mama amesema.

Dada yako


17 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Tumefika ghorofa ya mwisho ya jengo, sasa tunapandisha mabati na vioo, na vioo havitaki haraka. Wifi yako na watoto hawajambo.

Nimepimwa. Nimepita, lakini kwa masharti: yuriki bado iko juu, ila presha na kifua vimeniokoa. Wamenipa vidonge vya kushusha yuriki, na baada ya miezi kadhaa nirudi. Kazi ninayo. Basi hilo tumemaliza.

Nilitaka kukuuliza kitu kidogo tu. Shemeji marehemu, je, miguu ilikuwa inamvimba? Vidole, au kisigino? Na alipofariki, alikuwa na miaka mingapi hasa? Na baba yake mzazi aliondokaje? Nauliza tu. Ukikaa peke yako juu kule, mawazo yanakuja yenyewe.

Twiga nimemkataza soda. Nyama mara moja kwa wiki, maini na figo marufuku. Amenuna. Nimemwambia asubuhi atembee kwa miguu mpaka karakana, amenuna zaidi. Lakini anatembea.

Je, alipokuwa mdogo aliwahi kuugua figo? Sikumbuki.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo umetulia. Vile vitabu vya shule tumevimaliza, wakavirudisha, kurasa za katikati zilikuwa kichwa chini. Si kosa letu, ni la wachapaji, lakini aliyekaa kubandua ni mimi.

Nimefurahi kwamba umepita. Nilikuwa nimeshaanza kukuona na sare ya mlinzi.

Lakini barua yako imenichekesha, halafu imenikalia vibaya. Umekuwa mganga? Nakujibu hata hivyo. Ndiyo, baba Twiga kidole kilikuwa kinamvimba, kinapoa, kinavimba tena. Alikuwa anasema ni viatu vya kazi. Kisigino sikumbuki. Alifariki hajafika miaka arobaini na tano. Baba yake naye aliondoka ghafla, lakini zama zile hakuna aliyeuliza, watu walisema tu siku zimefika. Twiga figo hajaugua. Aliwahi kumeza kifungo, basi.

Juzi Twiga alinipigia simu. Analalamika kwamba mjomba amegeuka polisi, anamhesabia vipande vya nyama mezani mbele ya watoto. Anasema pia kila asubuhi unampa vidonge vya vitamini, unasimama mpaka uone amemeza. Nilicheka, nikamwambia mshukuru Mungu una mjomba anayekupenda.

Ila mdogo wangu, kwa nini unauliza hayo yote? Kuna kitu? Nijibu hilo moja, mengine yaache.

Dada yako


25 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo bado umetulia. Sisi hatujambo. Mtoto wa mwisho amepoteza jino la mbele, anapiga mluzi kila akisema.

Juma hili upepo umetuchezea kweli. Asubuhi unakuwa shwari, unanyanyua kioo, kikifika katikati unasikia kreni nzima inahema. Jana nilikaa na kioo hewani mpaka mikono ikafa ganzi, chini watu wote wamenyanyua nyuso. Kilishuka salama. Mhandisi mkuu alinipigia makofi, na yule mtu hajui kupiga makofi.

Daktari wa kliniki nilipita kumwona. Ni mtu wa maneno, anapenda kueleza. Anasema yuriki ni taka ya mwili, figo ndiyo inayoifagia. Isipofagiwa inabaki kwenye damu. Anasema wataalamu wenyewe bado wanabishana kama ni yuriki inayoharibu moyo, au yuriki na moyo mbovu ni majirani tu wanaokaa nyumba moja. Lakini ukimkuta mmoja, anasema, gonga mlango umtafute wa pili. Angalia presha, angalia figo, angalia sukari, hasa kama mtu ni kijana, na kwao kuna aliyekufa kwa moyo. Ndiyo maana nikauliza habari za ukoo. Mtu unapenda kujua.

Vitamini ni za kawaida. Kijana anafanya kazi ngumu.

Wifi anakusalimu.

Mdogo wako


9 Juni

Nimerudi nyumbani na mwanangu. Amelala chumba cha pili, ngozi ya mgongo inaanza kushika. Naandika kwa sababu wiki zote zile nilizolala chini ya paa lako uliondoka sijaamka, ukarudi nimeshalala, kwa hiyo hatukuongea. Sasa utanisikiliza, maana barua haiwezi kukimbiwa koridoni.

Wifi aliponipigia simu nilikuwa na gundi mpaka kwenye viwiko. Aliniambia Twiga ana homa na vipele. Sikuogopa sana. Nilipofika hospitali, kitanda chake nilikipita, sikumjua. Midomo imepasuka, macho mekundu, ngozi ya kifuani inabanduka kama karatasi iliyolowa. Mimi kazi yangu ni karatasi, najua inavyobanduka. Akaniona, akataka kucheka, midomo ikamzuia.

Wewe ulikuwepo. Ulikuwa umesimama dirishani, umeshika kofia yako ngumu ya kazini kwa mikono miwili.

Daktari alikuwa yule mama mfupi. Akamuuliza mwanangu, "Wiki hizi umetumia dawa gani?"

"Sijatumia dawa. Vitamini tu, anazonipa mjomba."

"Naweza kuziona?"

Wifi maskini ndiye aliyekimbia nyumbani kuzileta, hajui lolote, amejifunga kanga juu ya nguo ya kupikia. Daktari akamimina kidonge kiganjani, akakigeuza. Akasema, "Hizi si vitamini. Hizi ni za kushusha asidi ya yuriki. Zinawakataa baadhi ya watu, na zikimkataa mtu ndiyo haya. Hazitolewi hivihivi, lazima mtu aangaliwe. Aliandikiwa nani?"

Ukasema, "Ni zangu. Labda zilichanganyika."

Halafu ukasema unakwenda kununua maji. Mimi nilikungoja, nikidhani kweli umekwenda kununua maji.

Homa ilipopungua, ni mwanangu aliyeniambia. Hakutaka, nilimbana. Kwamba mwezi wa tatu ulimwomba aende kliniki na kitambulisho chako, na kofia yako kichwani, atoe damu kwa jina lako. Ulimwambia ni mzaha, mjomba anaogopa sindano. Sura mnafanana, na yule mchukua damu hakunyanyua hata uso. Akatoa damu akarudi kazini. Naye alinificha, na kwa hilo tumesemezana. Lakini yeye alidhani anakufichia woga wa sindano. Yeye mwenyewe majibu hakuambiwa hata siku moja.

Wewe uliyaona. Ulikwenda kuchukua karatasi ya mtu mzima wa afya, mtoto wa miaka ishirini na tatu, ukidhani utatoka safi, ukaambiwa damu hii nayo ina yuriki nyingi. Daktari wako alikukalisha chini akakueleza habari za moyo. Ulikaa pale, ukajua anamsema nani. Wewe peke yako duniani ndiye uliyejua.

Na ukaniandikia mimi. Ukaniuliza miguu ya marehemu mume wangu. Nikakujibu, nikakueleza kila kitu, nikakuuliza swali moja tu, kwa nini unauliza, kuna kitu? Ukanijibu habari za upepo.

Hilo ndilo linalonichoma, kuliko damu. Damu ulikuwa mjinga, uliogopa kazi yako, woga naujua. Lakini kalamu ulishika wewe, mchana kweupe, akili timamu. Ulijua baba yake alikufaje. Ulijua mimi naamka kila siku nikisikiliza simu. Ukapaka mafuta maneno yako ukayatuma, "kijana anafanya kazi ngumu." Nami nilimwambia mwanangu amshukuru Mungu kwa mjomba kama wewe. Nilikusaidia kumnywesha.

Yule daktari mama amempima yote. Presha iko juu kuliko umri wake. Yuriki juu. Picha ya moyo inaonyesha ukuta wa upande mmoja umeanza kuwa mnene. Anasema si wa kuanguka leo wala kesho, anasema ni wa kuangaliwa, na angeletwa mapema, kwa jina lake, angechunguzwa taratibu na kupewa dawa ambayo mwili wake unaikubali. "Mmepoteza muda," alisema, kwa upole tu. Sikumwambia ni nani aliyepoteza.

Usinipigie simu.

Mama wa mgonjwa


15 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa.

Yote uliyoandika ni kweli. Naomba unisikilize na mimi. Siku ile kliniki daktari aliponiambia, nilitaka kusema palepale, "Si damu yangu." Nikaona wakinifukuza kazi. Nikawaona watoto, wifi yako, na Twiga mwenyewe anayekula kwangu. Nikasema moyoni, nitamponya kimyakimya. Dawa ninazo, chakula nitamdhibiti, miezi michache tutapima tena, itakuwa imeshuka, na hakuna atakayejua kulikuwa na kitu. Nilifanya hivyo kwa kumpenda. Usiku na mchana nilikuwa namwangalia anavyopumua akipanda ngazi.

Na dada, usikasirike nikisema hili. Kama si damu ile, nani angejua kwamba ana yuriki? Kijana wa umri wake nani angempeleka kupima? Mungu ana njia zake.

Nisamehe. Nijibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako


10 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimepiga simu, najua umesema nisipige. Wifi yako ananipikia lakini hakai nami mezani. Watoto wananong'onezana wanaponiona.

Twiga anaendeleaje? Ngozi imepona? Je, presha yake wanampima kila wiki? Mwambie... Hapana, usimwambie kitu.

Mdogo wako


12 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Sitarajii jibu. Naandika ili ujue, usije ukasikia kwa watu.

Jumatatu nilikwenda kliniki, nikamwomba daktari afunge mlango. Nikamwambia damu ya mwezi wa tatu ilikuwa ya mpwa wangu, na dawa alizoniandikia nilimpa yeye, na zilimfanya nini. Yule mtu anayependa maneno alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwisho akasema, "Mimi ndiye niliyeandika dawa ile. Umenishikisha kisu bila kunionyesha shingo." Nikanyoosha mkono, nikatoa damu yangu.

Majibu yametoka. Yuriki yangu imeshuka, iko pale inapotakiwa. Presha si mbaya. Wamenipima moyo kwa nyaya, nao uko sawa. Daktari anasema ni bia niliyoacha na nyama niliyopunguza. Nikamuuliza, je, mwezi wa tatu ningetoa damu yangu ingekuwaje? Akasema hawezi kuapa, lakini anadhani ningepita bila masharti yoyote.

Nikamwomba anisomee majibu mara ya pili, dada.

Aliniambia hawezi kunyamaza, lazima awaambie kazini. Nikamwambia najua. Mhandisi mkuu aliniita mbele ya msimamizi. Nilidhani atapiga kelele, lakini aliongea taratibu. Alisema, "Moyo wako mzima, tumeona. Lakini mtu anayenidanganya kuhusu damu yake, kesho atanidanganya kuhusu uzito wa mzigo." Nimekabidhi funguo za kibanda. Kijana niliyemfundisha ndiye aliyepanda. Nilimwangalia akipandisha mzigo wa kwanza, anauyumbisha kidogo, halafu akautuliza. Anajua kazi. Mimi nimepata kibarua cha kupanga mabomba kwenye yadi ya vifaa, nje ya mji.

Mwezi wa sita nilikuandikia kwamba Mungu ana njia zake. Nalifuta neno lile. Haikuwa njia ya Mungu, ilikuwa yangu. Ningesema siku ileile, angepona bila kubanduka ngozi. Niliona nichague kati yenu na kreni, nikachagua kreni, halafu nikaipaka rangi ya mapenzi.

Naomba kumwona Twiga. Ukikataa nitaelewa.

Mdogo wako


3 Septemba

Salamu zako zimefika.

Niliiweka barua yako kwenye rafu ya jikoni siku kadhaa kabla ya kuifungua.

Twiga anaendelea vizuri. Ngozi imefunga, imebaki madoa shingoni, anasema yatamfanya apendwe na wasichana. Amepewa dawa ya presha, ndogo, moja kwa siku, na ile nyingine hatakiwi kuigusa maisha yake yote. Anatembea na kadi mfukoni inayosema hivyo. Mwezi ujao wanampiga tena picha ya moyo. Amepata kazi huku, kiwanda cha maziwa, mitambo ya kupozea. Soda ameacha mwenyewe, bila polisi.

Ulitaka nifurahi kwamba damu yako ni safi? Nimejaribu. Wewe ni mdogo wangu, nilikubeba mgongoni kabla sijajua kusoma, nikisikia moyo wako mzima natakiwa niseme alhamdulillahi. Nimesema. Kwa mdomo. Halafu nikakaa hapa nikawaza kwamba mwanangu alibanduka ngozi kwa sababu ya hofu ya kitu ambacho hata hakikuwepo, nikatoka nje nikafua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa.

Kwamba umesema ukweli kazini, nimesikia. Wifi aliniambia kabla yako. Ulichelewa, lakini umesema, na hakuna aliyekubana. Sitakunyima hilo.

Yule daktari mama anataka historia ya ukoo, upande wa baba na upande wa mama. Nani ana jongo, nani ana presha, nani alianguka ghafla. Upande wa baba nimemjibu. Tulipofika upande wetu, nilifungua mdomo nieleze habari zako, nikanyamaza. Sikujua nimweleze lipi. Barua zako zote ninazo, na sijui tena mstari upi ni wa kweli na upi ni wa upepo. Daktari alidhani nimesahau. Alisema, "Mama, chukua muda." Nilimwambia huyo ndugu ataulizwa mwenyewe.

Kwa hiyo utakuja, utakwenda na Twiga kwa daktari, utajibu kwa mdomo wako. Yeye ndiye anayetaka. Nilimsomea barua yako, akasema, "Mama, mjomba alikuwa anasimama pale mlangoni kila asubuhi nikimeza. Alikuwa anaonekana kama anaumwa yeye." Anakuonea huruma. Sijui ameitoa wapi, si kwangu.

Njoo Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Atakufungulia mlango yeye, chai atakupikia yeye, na kitanda atakutandikia yeye. Mimi nitakuwepo kwa sababu ni nyumbani kwangu, lakini nitakuwa na kazi zangu chumbani. Usigonge. Usinitumie watoto wa jirani. Ukikaa naye, mjibu kila atakachokuuliza, hata kikikuvua nguo.

Umekuja kwa mpwa wako. Kwa dada yako bado hujafika, na mimi sijui njia ni ndefu kiasi gani.

Mama yake Twiga